Zinki, asidi, OTC au probayotiki: kitoto cha nguruwe kilichotoka kunyonya umwekee nini kwenye chakula?

Siku ya tatu au ya nne baada ya kuwatenga na mama yao, ingia bandani asubuhi kabla hujafagia, chuchumaa, mwangalie kila mmoja kwa nyuma. Ukikuta mkia umelowa, kinyesi kinatoka kama maji ya uji, cha njano njano, na ubavu umeingia ndani kama vile hajala tangu juzi, ujue ushaingia kwenye zile wiki 2 zinazoamua kama huyu mnyama atafika uzito wa kuuza kwa wakati au atadumaa anakula pumba zako mpaka mwaka uishe. Na hapo ndo wengi tunakimbilia duka la pembejeo, tunauliza "kuna nini cha kukuza vitoto?", na tunapewa chochote kilichopo shelfu.

Nafuga huku Mbeya na karibu vyote hivi nimevipitisha kwenye ndoo zangu, kwa hiyo nataka tuviweke kimoja kando ya kingine, zinki, asidi, uji wa kuchachusha, OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini), probayotiki (bakteria wazuri wa pakiti), mrututu na vile vidogo vidogo, tuone kipi kinafanya nini, kwa nani, na wapi kinakula hela bure. Ila nianze na tumbo, maana usipojua kinachotokea mle ndani kila unga mweupe utauona sawa.

Kitoto kikiwa kwa mama kinapata maziwa karibu kila saa, ya moto, yenye sukari ya maziwa ambayo bakteria wazuri wanaigeuza kuwa asidi, na hiyo asidi ndo inalinda tumbo kwa sababu tumbo lenyewe la kitoto bado halijui kutengeneza asidi ya kutosha. Sasa unamtoa ghafla, unamchanganya na watoto wasiofahamiana, wanapigana, banda jipya, baridi, chakula kikavu ambacho hakijui, na wengine wanakaa siku nzima au hata mbili hawajatia kitu mdomoni. Utumbo una vidole vidogo vidogo ndani vinavyofyonza chakula, na hivi vidole vinaishi kwa chakula kinachopita hapo, kisipopita vinafupika ndani ya siku chache tu. Halafu siku ya tatu njaa inamzidi, anakula kwa pupa, chakula hakisagiki vizuri, soya na dagaa vinafika chini vikiwa nusu vibichi, na pale chini bakteria anayeitwa E. coli anasubiri. Aina zinazosumbua zaidi zinaitwa F4 na F18, zinajishika kwenye ukuta wa utumbo na kumwaga sumu inayovuta maji yatoke mwilini. F18 wengine wanaleta ile ya kuvimba kope na kuyumba kama mlevi, na inapenda kuua wale wanono, wale uliokuwa unawasifia jana jioni.

Kwa hiyo swali lako dukani lisiwe "kipi kinakuza". Jiulize kinachomzuia kukua ni nini: kuharisha, kutokula, chakula chenyewe kibovu, baridi, au minyoo? Na pili, umemwachisha akiwa na umri gani? Hili la umri watu wanalipita juu juu lakini mi naona ndo limebeba nusu ya jibu. Ulaya sheria yao inasema siku 28, na 21 kwa masharti maalum, na karibu utafiti wote wa zinki na asidi umefanyika kwa vitoto vya umri huo, kilo 6 mpaka 8. Sisi huku wengi tunaachisha wiki ya 6 hadi ya 8. Kitoto cha siku 56 kilichozoea kudokoa chakula cha mama tangu wiki ya pili tumbo lake limeshakomaa kiasi kikubwa, faida ya hivi vitu kwake inakuwa ndogo. Kama unaachisha wiki ya 8 na bado wanadumaa, angalia lysine (kijenzi cha protini ambacho nguruwe anakihitaji kukua), minyoo na maji kabla hujagusa zinki.

Zinki

Tuanze na huyu mwenye nguvu kuliko wote. Zinki oksaidi, unga mweupe mlaini, ukitiwa kiasi cha miligramu 2,500 hadi 3,000 za zinki kwa kila kilo ya chakula kwa siku 14 za kwanza, kuharisha kunapungua sana na vitoto vinakula vizuri zaidi na kuongezeka uzito. Wadenmark ndo waliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 na ikasambaa dunia nzima, na kwa kitoto kilichoachishwa mapema hakuna kitu kimoja cha bei ya chini kinachoifikia, hilo nalisema wazi hata kama siipendi.

Kwa nini siipendi? Kwanza zaidi ya asilimia 80 ya hiyo zinki inatoka na kinyesi kama ilivyoingia, na kinyesi unakipeleka kwenye migomba na mboga, na zinki ni madini, haiozi, inajikusanya kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Pili bakteria wanaozoea kuishi na zinki nyingi mara nyingi wanabeba pamoja usugu wa dawa. Ndo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2017 waliamua kuiondoa kama dawa na wakatoa miaka 5 ya kujipanga, na tangu Juni 2022 hairuhusiwi tena kwa kiwango hicho, mwisho wao ni miligramu 150 kwa kilo kwa vitoto, yaani kiasi cha lishe tu. China nao wameshusha hadi 1,600 kwa wiki 2 za mwanzo.

Tatu, na hii ndo iliniuma mimi mwenyewe, zinki ikizidi muda inageuka. Niliona vitoto vimekauka nyuma vizuri, manyoya yamelala, nikafurahi nikaendelea kuwapa mpaka wiki ya 5. Wakaanza kupoteza hamu ya kula, wamepauka, wanakwenda kwa uzito. Zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia madini ya chuma na shaba yasiingie mwilini, na inashika fosforasi pia. Siku 14 ni 14. Ukipita wiki 3 unalipa hela kumdhoofisha mnyama wako.

Na angalia unanunua nini. Kuna zinki ya kiwandani inayotumika kwenye rangi na mipira, inaweza kuwa na risasi na kadmiamu ndani yake. Kuna pia zinki salfeti ambayo inayeyuka kirahisi zaidi, kwa hiyo ukiitia kwa kipimo kikubwa kama cha oksaidi unaweza kuwatia sumu. Mi niliwahi kupimiwa kwenye kifuko cheusi cha plastiki bila maandishi yoyote, nikauliza hii ni aina gani nikaambiwa "ni zinki tu, zote sawa", nikairudisha.

Kipimo kwa wanaotaka namba: oksaidi ina zinki kama asilimia 80, kwa hiyo gramu 300 kwenye kilo 100 za chakula inakupa karibu 2,400 kwa kilo. Usiongeze hapo.

Asidi

Asidi inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Zinki inapigana kule chini kwenye utumbo, asidi inaanza juu tumboni, inamsaidia mtoto kupata ule ukali ambao tumbo lake bado halijaweza, protini inasagika mapema, na wadudu wanaoingia na chakula wanakufa wengi kabla hawajashuka. Zipo za fomiki, laktiki, sitriki ile unga wa limao, fumariki, benzoiki. Mwaka 2001 Ulaya walipitisha chumvi ya fomiki inayoitwa potasiamu daifometi kama kikuzaji cha kwanza kisicho antibayotiki, kwa hiyo hiki si kitu cha kubahatisha, kina historia yake. Viwango vya kawaida: sitriki au fumariki kilo 1 hadi 2 kwa kilo 100 za chakula, benzoiki gramu 500 tu inatosha.

Ukiweka kando kwa kando, kwenye kuzuia kuharisha asidi iko chini ya zinki, hasa kama kuna mlipuko tayari. Kwenye kukua inasaidia, zaidi kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo, zaidi kwa vitoto vidogo, na zaidi kama chakula chako ni mahindi na soya bila maziwa. Lakini haina ule mwisho wa siku 14, haikai kwenye udongo, na hakuna muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Shida yake ni bei na ukali, fomiki ya maji ni hatari jamani, inaunguza ngozi na macho na inakula vyuma vya mabomba ya kunyweshea, kama huna glavu na miwani chukua za unga au chumvi zake.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hatuambiwi na ndo kinafanya mtu aseme "asidi nimejaribu haifanyi kazi". Chukua chokaa ya mifugo, bana kidogo kwa vidole, weka kwenye kijiko, kamulia limau. Itatoa povu, itachemka pale pale, halafu onja ule maji, ukali wa limau umepungua. Hicho ndo kinachotokea tumboni. Unanunua asidi kwa bei, halafu kwenye fomyula ile ile una chokaa kilo nzima na zaidi kwa kila 100, chokaa inaila asidi yako yote na ile kidogo ya mtoto mwenyewe. Kwa zile wiki 2 za mwanzo punguza chokaa hadi nusu, DCP (ile ya kalsiamu na fosforasi) ibaki, baada ya hapo urudishe kama kawaida kwa ajili ya mifupa. Hili halina gharama hata shilingi moja na kwangu limeleta tofauti kuliko nilivyotegemea.

Na zinki oksaidi yenyewe ni hivyo hivyo, inakula asidi kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye gunia lako. Kwa hiyo wale wanaochanganya zinki kamili na asidi kwa pamoja wakidhani watapata mara mbili, vinavutana. Chagua kimoja, au zinki siku 14 za kwanza halafu asidi ifuate.

Asidi ya maskini: uji uliochachushwa

Kuna mama mmoja jirani yangu anafuga tangu mi sijaoa. Nilipita kwake siku moja, "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu, karibu, usikanyage ndoo yangu." Ndoo ilikuwa na pumba laini za mahindi na maji, imefunikwa kitambaa, inanukia kama togwa iliyokaa siku 2. Anachofanya ni pumba sehemu 1 kwa maji sehemu 2 au mbili na nusu, anaweka sehemu ya joto jikoni siku 2 hadi 3, kila akitoa anaacha kama robo chini iwe mbegu ya kuchachusha inayofuata. Vitoto vyake vinatumbukiza pua mpaka macho.

Sayansi iko upande wake. Bakteria wa laktiki wanaongeza ukali mpaka pH inashuka chini ya 4 (namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa), E. coli hapendi hapo, na chakula cha majimaji kitoto kinakielewa haraka kwa sababu kinafanana na maziwa, anakula siku ile ile ya kwanza na vile vidole vya utumbo havifupiki sana. Kwa mtu mwenye nguruwe 1 au 2 wa kuzaa hii ndo ningeiweka namba moja, mbele ya kila kitu cha dukani.

Ila kuna makosa mawili. Usichachushe chakula kizima chenye lysine na premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini), bakteria wanaila ile lysine ya unga kabla ya nguruwe, chachusha pumba au mahindi peke yake halafu protini na lysine uchanganye wakati wa kulisha. Na baridi. Huku Mbeya Juni na Julai ndoo ikikaa nje haifiki hata nyuzi 20, inachachuka vibaya, hamira inatawala, inanuka pombe na kutoa povu, ukiona hivyo mwaga, osha ndoo, anza upya. Ukiweza kupata maziwa mgando au maji ya jibini, wa Njombe mnajua pa kuyapata, weka kidogo kama mbegu, na ile sukari ya maziwa iliyomo inawalisha bakteria wazuri.

OTC na ndugu zake

Hii tuongee bila kuzunguka. Ukienda duka lolote utapewa OTC ya unga, "changanya kijiko kwenye ndoo, watanenepa". Na ni kweli antibayotiki kidogo kidogo kwenye chakula zinakuza, Wamarekani waliligundua hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa kuku halafu nguruwe. Na cha kuangalia, zinakuza zaidi kwenye mabanda machafu, banda likiwa safi na chakula kizuri faida inashuka sana. Yaani unalipia dawa kufanya kazi ya ufagio.

Sweden walizikataza kama vikuzaji mwaka 1986, Denmark wakafuata kuanzia 1998 na vitoto wakamalizia mwanzoni mwa 2000, Umoja wa Ulaya wote 1 Januari 2006, China 2020. Wadenmark baada ya kuacha waliona kuharisha kumeongezeka kwa vitoto na matibabu yakapanda, hilo lazima tuliseme pia, hawakupita bure, ilibidi warekebishe umri wa kuachisha, chakula na mabanda. Na mwaka 2015 huko China iligundulika jeni inayoitwa mcr-1, inampa bakteria usugu wa kolistini na inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, ilionekana kwa nguruwe, nyama na wagonjwa. Kolistini ni moja ya dawa za mwisho kabisa hospitali wanazobaki nazo. Mtoto wako akiugua damu kuingia wadudu, dawa ile ile uliyokuwa unamwaga kwenye ndoo ndo daktari ataitafuta.

Kwa hiyo kwenye ulinganisho huu OTC kama kikuzaji naitoa nje. Kama matibabu ni jambo jingine, vitoto vinakufa, mwite daktari wa mifugo, atoe dawa sahihi, dozi kamili, siku kamili, na uzingatie muda wa kusubiri kabla ya kuuza nyama. E. coli wengi siku hizi hata hawashtuki na tetrasaiklini. Na anayeharisha anakufa kwa kukaukiwa maji, kwa hiyo wakati unamsubiri daktari weka maji ya chumvi na sukari yale ya ORS kwenye bakuli la chini, wanakunywa.

Probayotiki na EM

Hapa ndo pana maneno mengi kuliko matokeo, ila si uongo. Wapo Lactobacillus, Enterococcus, Bacillus, na hamira ya Saccharomyces. Matokeo yanategemea aina halisi ya bakteria, idadi yake, na kama bado wako hai ukifungua pakiti. Lactobacillus joto linamuua, kwa hiyo pakiti iliyokaa dirishani dukani jua linapiga miezi 3 ni vumbi tu. Bacillus anajifunga kama mbegu, anavumilia joto na kukaa, kwa mazingira yetu ndo ningemchagua, na idadi utafute kama bilioni 1 kwa kila kilo ya chakula cha mwisho. Inatakiwa kila siku, tena ikianza kwa mama wiki chache kabla hajazaa inakuwa bora kwa sababu vitoto vinaokota wadudu wao wa kwanza kwenye kinyesi cha mama.

Ukilinganisha na zinki, mara moja imesaidia kukua, mara nyingine huoni kitu, kuharisha kunapungua kidogo. Na kumwaga antibayotiki huku unanunua probayotiki ni kununua kuku na kumfungulia kicheche. EM, ule mchanganyiko wa vijidudu hai wanaomwagia kwenye maranda, inasaidia harufu na unyevu, hiyo ni kazi nyingine, usiihesabu kama kikuzaji.

Mrututu

Ule wa bluu wa kupulizia mimea, kopa salfeti. Shaba inakuza vitoto kwa kweli, inaongeza hamu ya kula, Waingereza walishaliona hilo miaka ya katikati ya karne iliyopita, na tofauti na zinki inaendelea kusaidia wiki kadhaa. Ulaya wanaruhusu miligramu 150 kwa kilo hadi wiki ya 4 baada ya kuachisha, halafu 100 mpaka ya 8. Mrututu una shaba karibu robo, kwa hiyo 150 ni kama gramu 60 kwa kilo 100, na toa kile kilichomo tayari kwenye premiksi. Nunua wa mifugo, wa shambani haujasafishwa kwa ajili ya kula. Na kama una kondoo nyumbani, hicho chakula wasikiguse hata kidogo, kondoo anakufa kwa shaba ambayo nguruwe anaifurahia. Kwenye udongo nayo inakaa kama zinki.

Vilivyobaki kwa haraka

Enzaimu ya faitesi inafungua fosforasi iliyofungwa kwenye pumba na mashudu, inakupunguzia DCP, nzuri kwa anayechanganya tani, kwa ndoo 2 haina maana sana, na zinki nyingi inaibania kazi. Kitunguu saumu, oregano, mdalasini: harufu inavutia, baadhi ya mafuta yake yanaua bakteria maabara, ila kiasi kinabadilika kila mche na kila msimu, siwezi kukwambia weka gramu ngapi. Mlonge ni chakula kizuri chenye protini, mpe, ila usiulipie bei ya dawa. Kifunga sumu ya ukungu, bentonaiti, hiki watu wanakidharau na kwa mahindi yetu mi nakithamini kuliko probayotiki. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu wenyewe walipata sumu ya aflatoksini kwenye mahindi, na tujue kwamba yale yanayokataliwa mezani ndo yanakwenda kwa nguruwe. Kitoto chenye aflatoksini kinakula kidogo, kinakua taratibu, kinaharisha, na hutaona jibu lolote la zinki wala asidi. Bentonaiti inashika aflatoksini vizuri, sumu nyingine za ukungu sio sana, kwa hiyo bado mahindi meusi usitumie kwa vitoto.

Sasa uchukue ipi

Unaachisha wiki ya 4, una vitoto vingi, na umeshapoteza kadhaa kwa kuharisha mzao uliopita: zinki siku 14 kwa kipimo kile, usimamiwe na daktari wa mifugo, huku unajenga njia ya kuiacha. Kinyesi cha hizo wiki 2 kitawanye eneo kubwa, usikirundike kwenye bustani moja.

Unaachisha wiki ya 4 mpaka 5 na kuharisha ni kwa kawaida tu, wachache, wanapona: asidi, pamoja na kupunguza chokaa, na protini isizidi asilimia 18 wiki 2 za mwanzo ukiongezea lysine ya unga. Protini nyingi isiyosagika ndo chakula cha E. coli, wengi tunaongeza dagaa tukidhani tunawasaidia, tena dagaa wenye mchanga nusu kilo.

Mmoja au wawili wa kuzaa, huna hela ya dukani: uji uliochachushwa, chakula kidogo mara 5 au 6 kwa siku, maji safi yasiyokauka.

Wiki ya 6 hadi 8: usinunue kikuzaji chochote kwanza. Dawa ya minyoo, lysine, bentonaiti kama mahindi yana wasiwasi. Ukibaki na hela, mrututu.

Na wote, joto. Kitoto cha wiki 4 kinataka kama nyuzi 28 wiki ya kwanza. Huku kwetu usiku wa Julai bila nyasi kavu nene na kona iliyofunikwa juu, chakula chote kinaishia kutetemeka. Wakilala wamepandana kama magunia ni baridi, wakilala wametawanyika ubavu ni sawa.

Kuchanganya: gramu 300 huwezi kuzimwaga juu ya kilo 100 ukapiga koleo mara 3. Changanya kwanza na kilo 1 ya pumba laini mpaka rangi iwe moja, hiyo kwenye kilo 5, hiyo kwenye 20, hiyo kwenye zote. Mmoja akila donge la zinki au mrututu anaugua na mwenzake hajapata chochote.

Mwisho, usiniamini mimi wala muuzaji, pima bandani kwako. Gawa mzao mmoja mara mbili, uzito ulingane, madume na majike wagawanywe sawa, banda moja, chakula kile kile, upande mmoja una kiongezo na mwingine hauna. Pima siku ya 0, ya 14 na ya 28, na upime chakula unachowapa. Tuseme upande wa kiongezo una vitoto 5, jumla kilo 40, siku ya 28 wako 83. Wameongeza 43, gawa kwa 5 halafu kwa 28, ni kama gramu 307 kwa siku kila mmoja. Wamekula 77, kwa hiyo kilo 1 ya uzito imegharimu kilo 1.8 ya chakula. Wenzao wameanza na 40 wakafika 76, gramu 257, wamekula 70, ni 1.94. Tofauti ni kilo 7 za nguruwe kwa kilo 7 za chakula zaidi. Weka bei ya kilo 7 za nguruwe hai kwenu upande mmoja, upande wa pili bei ya kilo 7 za chakula pamoja na bei ya kiongezo chote ulichotumia. Upande wa kwanza ukiwa mzito, endelea nacho. Ukiwa mwepesi, mzao unaofuata jaribu kingine, na daftari la mizani uliweke pale pale bandani kwenye msumari maana likienda ndani watoto wanachorea.